Filtri ya esansi kwenye ndege ya kujitengenezea (Rotax 912 ULS): mikroni ngapi, na iwekwe wapi?

Mjenzi_Lshi:
Jambo bandugu. Ndege ni ya viti viwili, mabawa juu, moteri Rotax 912 ULS ya nguvu farasi 100. Matanki mawili ya faiba ndani ya mabawa, lita 45 kila moja. Esansi inashuka kwa tiyo ya milimita 8, inapita robine ya kushoto/kulia, halafu pompi ya umeme, halafu pompi ya moteri yenyewe, halafu karburateri mbili za Bing. Esansi tunanunua stesheni hapa Lubumbashi na kuipeleka uwanjani kwa bidoni, maana avgasi (esansi ya ndege) ni nadra na ukiipata bei inauma.

Maswali matatu. Filtri ngapi? Mikroni ngapi? Iwe kabla ya robine au baada? Kuna mtu ameniambia nifunge ile ya karatasi ya mikroni 10 ya gari la injeksheni, eti kadiri inavyochuja zaidi ndivyo moteri inavyokuwa salama zaidi.

Fundi_Katuba:
Ndugu, huyo aliyekushauri mikroni 10 ana gari kichwani. Kwenye injeksheni pompi iko ndani ya tanki na inasukuma kwa bari 3 na zaidi. Filtri ikishika uchafu kidogo, nguvu ya kupenyeza ipo. Wewe huna nguvu hiyo. Piga hesabu: tanki likiwa sentimita 60 juu ya karburateri, uzito wa esansi peke yake unakupa takriban bari 0.044. Kiwango cha Rotax kwenye karburateri ni kati ya bari 0.15 na 0.4. Kwa hiyo msaada wa kimo ni mdogo sana, na filtri nzito inaumaliza wote kabla pompi haijaanza kazi.

Halafu kumbuka filtri yako iko upande wa kunyonya. Pompi hizi zinasukuma vizuri, ila kunyonya zina mpaka. Ukiweka kizuizi mbele ya mdomo wake, shinikizo ndani ya tiyo linashuka na esansi yenye joto inaanza kutoa mvuke kabla haijafika. Lubumbashi tuko kwenye mita 1,300 hivi juu ya bahari, hewa ni kama hektopaskali 870 badala ya 1,013, na esansi ya gari huchemka upesi kuliko avgasi. Mwezi wa 10, ndege imeshinda juani, hizo ni sababu tatu za mvuke kabla hujaongeza ya nne wewe mwenyewe kwa filtri ya karatasi.

Kitabu cha Rotax cha kufunga moteri kinataka vitu viwili: chujio la matundu mapana kwenye mdomo wa tanki, na filtri laini ya milimita 0.1 kati ya tanki na pompi. Milimita 0.1 ni mikroni 100. Namba hiyo ina maana yake. Jikleri ya relanti (tundu la kupimia esansi moteri ikizunguka polepole bila mzigo) kwenye Bing ya ULS ni namba 35, tundu la takriban milimita 0.35, na ndilo tundu jembamba kuliko yote ndani ya karburateri. Chembe ya mikroni 100 inapita humo bila taabu.

Mjenzi_Lshi:
Asante muzee. Lakini basi vumbi lote lililo chini ya mikroni 100 linaingia kwenye moteri?

Dada_Kemia:
Linaingia kwenye karburateri, ndiyo, na sehemu kubwa inabaki chini ya bakuli. Udongo wetu mwekundu ni laini mno, hakuna wavu wa mikroni 100 utakaoushika. Ukiwa mkavu na kidogo, unapita au unatulia chini. Ukikutana na maji ndipo unageuka tope, tope likikauka linakuwa ganda, na ganda ndilo linaloziba jikleri. Kwa hiyo kwenye vumbi laini adui wa kwanza ni maji.

La pili ambalo watu hawalifikirii: filtri inashika kigumu tu. Kilichoyeyuka hakishikwi na filtri yoyote, hata ya mikroni 2. Bidoni ya manjano iliyowahi kubeba mafuta ya mawese ikitiwa esansi, yale mabaki yanayeyuka yote. Esansi inaonekana safi kabisa, inapita kila wavu, halafu ikikauka ndani ya karburateri inaacha utando unaonata kwenye pwanto (sindano inayofunga esansi ya bakuli) na jikleri. Petroli ya taa ni vilevile: hakuna filtri inayoitoa, na inashusha oktani (uwezo wa esansi kubanwa bila kulipuka mapema). ULS inataka oktani RON 95 kwenda juu (912 UL ya farasi 80 inaridhika na 90). Esansi iliyochanganywa na petroli ya taa itakugongea pistoni wakati wa kupaa, na filtri zako zote zitakuwa zinang'aa.

Vipimo vya pale pale, bila maabara:

Petroli ya taa: dondosha tone moja la esansi hiyo kwenye karatasi nyeupe, na pembeni tone la esansi unayoiamini. Subiri zikauke kivulini. Esansi nzuri inaondoka yote. Iliyochanganywa inaacha duara la mafuta linaloonekana ukiinua karatasi kwenye mwanga.

Alkoholi: chukua mrija wa kupimia wa mililita 100. Weka maji mililita 10, chora alama, jaza esansi mililita 90, funga, tikisa, acha itulie. Mstari wa maji ukibaki kwenye 10, hakuna alkoholi. Ukipanda, alkoholi imekimbilia kwenye maji. Rotax wanakubali mpaka asilimia 10, lakini tanki lako ni la faiba, na si kila rezini inavumilia alkoholi. Uliza aliyekuuzia rezini, au loweka kipande cha faiba ileile kwenye chupa ya esansi hiyo mwezi mzima uone kama kinalainika au kunata.

Maji: chupa ya kioo nyeupe, chota toka chini ya tanki. Maji yanakaa chini, mstari unaonekana. Ila kuna mtego: ukichota maji MATUPU, huoni mstari wowote, chupa ni safi tangu juu hadi chini, na unaondoka umeridhika. Kila mara ongezea kidole kimoja cha esansi unayoijua ndani ya chupa hiyo. Zikigawanyika, umejua.

Hobodi_Bukavu:
Sisi wa mitumbwi ya moteri ziwani Kivu tunafunga filtri kubwa ya kopo, ya kuzungusha kama filtri ya oili, mikroni 10, ina chumba cha maji chini. Moteri inapiga siku nzima bila kukohoa. Kwa nini hiyo isikubalike kwenye ndege kama mikroni 10 ya gari imekataliwa?

Fundi_Katuba:
Swali zuri, kaka, maana linaonyesha kwamba namba ya mikroni peke yake haisemi kitu. Kinachoamua ni ENEO la uso wa kuchuja. Kopo lako lina karatasi iliyokunjwakunjwa. Ukiikunjua inafunika meza. Mikroni 10 juu ya eneo kubwa hivyo inapitisha mafuta bila kuhisi. Ile ndogo ya plastiki ya gari, yenye ukubwa wa yai, mikroni ni zilezile ila uso ni mdogo sana, na uchafu wa bidoni moja unatosha kuubana.

Kwa hiyo kopo linawezekana, na wako wajenzi wanaolitumia. Mzigo wake ni kilo moja hivi pamoja na kichwa chake, linahitaji kufungwa kwenye ukuta wa moto (ule unaotenga moteri na kabini) na si kuning'inia kwenye tiyo, na kabla ya kuruka lazima lipimwe mtiririko kama nitakavyoeleza. Mimi bado silipendi, kwa sababu moja: halionekani ndani. Mtumbwi ukizimika unapiga kasia.

Hobodi_Bukavu:
Hapo umenimaliza, muzee.

Rubani_Kipushi:
Naongeza kuhusu karatasi: ikilowa maji inavimba. Wavu wa nailoni au wa chuma cha pua ukipata maji, maji yanapita na moteri inakohoa halafu inaendelea. Karatasi ikipata maji inajifunga, na haijifungui angani. Kwenye Rotax mimi nasema wavu, mikroni 100, wa kufunguka na kusafishika.

Kuhusu mahali: filtri moja kwa kila tanki, KABLA ya robine. Ukiweka moja tu baada ya robine, uchafu wa tanki la kushoto unafunga njia ya matanki yote mawili, na kugeuza robine hakukusaidii. Zikiwa mbili kabla ya robine, ya kushoto ikijaa unageuza kulia, moteri inarudi, unatafuta pa kutua kwa utulivu. Gharama ni filtri moja zaidi na kolie (vibano vya tiyo) mbili.

Halafu mahali pa chini kuliko pote kwenye mfumo, ndege ikiwa imesimama kama inavyosimama ardhini, weka kikombe cha kunasa maji chenye robine ndogo ya kudondosha. Si kwenye joto la egzosi. Kama hakuna nafasi nyingine, kivishe soksi ya kuzuia moto na ukipelekee tiyo ya hewa baridi.

Fundi_Katuba:
Kwenye kikombe tunatofautiana kidogo. Kikiwa ndani ya chumba cha moteri ni jiko dogo la kuchemshia esansi. Kiwe nyuma ya ukuta wa moto, upande wa rubani, na mdomo wa kudondoshea utoke nje chini ya tumbo. Mengine nakubaliana nawe.

Rubani_Kipushi:
Upande wa rubani kikivuja una mvuke wa esansi kwenye kabini. Kila mtu achague ubaya wake, ila asiwe bila kikombe.

Mjenzi_Lshi:
Sawa. Na chujio la mdomo wa tanki? Muuzaji ana kijiwavu cha duara kinachoingia ndani ya tundu la milimita 8.

Fundi_Katuba:
Hicho kitupe. Kanuni za zamani za Marekani za ndege ndogo zinataka chujio la mdomo wa tanki la moteri ya pistoni liwe na matundu 8 hadi 16 kwa inchi, na eneo lake liwe angalau mara 5 ya eneo la tiyo. Matundu 8 hadi 16 kwa inchi ni mapana: kazi yake ni kuzuia mdudu, jani, kipande cha kitambaa, kifuniko cha chupa. Vumbi si kazi yake.

Tiyo yako ya milimita 8 ina eneo la milimita za mraba 50. Mara 5 ni 250. Kijiwavu cha duara cha milimita 8 kina 50, na nusu yake ni waya, kwa hiyo unabaki na 25. Jani moja la muembe limelala juu yake, tanki limefungwa. Tafuta chujio lenye umbo la kidole: kipenyo milimita 15, urefu 50, linalosimama ndani ya tanki. Ubavu wake una milimita za mraba kama 2,350. Toa nusu kwa ajili ya waya, bado una zaidi ya 1,100. Jani likilala upande mmoja, upande mwingine unakunywa.

Na uliweke kwa namna ya kutoka. Chujio lililogandishwa kwa rezini ndani ya bawa ni chujio ambalo hakuna atakayelitazama tena.

Goma_Bidoni:
Jambo toka Goma. Mnaongea filtri za ndege, lakini uchafu mwingi unasimamishwa kabla haujapanda bawani. Huku vumbi ni mchanga wa lava, mweusi, unakata kama kioo. Uzuri wake ni kwamba chembe ni kubwa, wavu unaushika. Ubaya: ukipita, unakwaruza kiti cha pwanto na karburateri haifungi tena.

Tunavyofanya na bidoni:

Bidoni za esansi ni za esansi tu, zimeandikwa kwa rangi, hazijawahi kubeba mawese, maji wala mazutu (dizeli). Za kadhafi (muuza esansi) wa barabarani hapana, hata siku ya shida, kwa sababu hujui jana zilibeba nini. Esansi ikifika inasimama usiku kucha bila kuguswa, bidoni imeinamishwa kidogo kwa kigingi ili uchafu ukimbilie kona moja. Asubuhi mimina taratibu toka upande wa juu, na lita 2 za mwisho hazipandi ndegeni. Hizo zinaenda kwenye jenereta, nayo ikikohoa umepata taarifa ya bure.

Faneli iwe ya wavu wa chuma cha pua uliopakwa Teflon. Hiyo inapitisha esansi na kuyakataa maji yaliyo huru, yanabaki chini ya faneli unayaona. Usiisugue kwa brashi wala sabuni, ule mpako ukiondoka imekuwa wavu wa kawaida. Ngozi ya kondoo ya kuchujia inafanya kazi kama ni ngozi kweli. Ya viwandani ya bandia inapitisha maji, na ngozi kuukuu inatoa manyoya.

Na umeme tuli, tafadhali. Bidoni ya plastiki ishushwe chini udongoni, isijazwe wala kumwagwa ikiwa juu ya kapeti ya gari. Waya wa shaba wenye vibano uunganishe faneli na mwili wa ndege kabla ya kufungua kifuniko cha tanki. Ndege ya faiba haina mwili wa kupitisha umeme, kwa hiyo unganisha faneli na pete ya chuma ya mdomo wa tanki, na pete hiyo iwe na waya mpaka kwenye moteri.

Dada_Kemia:
Hapo kwenye jenereta nimecheka, lakini ni kipimo halali kabisa.

Mjenzi_Lshi:
Sasa muzee, ule mtiririko wa kupima.

Fundi_Katuba:
Hii ndiyo kazi yenyewe. Filtri uliyoinunua, mikroni zake, maneno ya muuzaji, vyote havina maana mpaka umepima ni lita ngapi zinafika kwenye karburateri.

ULS inakunywa hadi lita 27 kwa saa ikiwa na gesi yote (imefunguliwa mpaka mwisho). Mfumo wenye pompi unatakiwa kutoa asilimia 125 ya hiyo, yaani lita 33.75 kwa saa. Mfumo wa kushuka wenyewe bila pompi unatakiwa asilimia 150, yaani 40.5. Geuza iwe sekunde: kwa pompi, lita 1 isizidi sekunde 107. Kwa kushuka wenyewe, isizidi 89.

Fanyia nje, mbali na moto, kizimamoto cha unga karibu, simu mbali. Kwanza pima mwinuko: gurudumu la mbele liweke juu ya benchi au ushushe mkia, mpaka pua inuke kama inavyoinuka kwenye kupaa kukali kabisa, na uongeze nyuzi kidogo. Kwa ndege nyingi za namna hii ni kama nyuzi 15. Pua ikiwa juu karburateri inapanda ukilinganisha na mabawa, na kimo chako kinapungua. Anayepimia ndege ikiwa sawa anajidanganya.

Weka lita 5 tu kwenye tanki unalolipima, lingine funga kwa robine. Tiyo ichomolewe pale inapoingia karburateri, zote mbili, ziingie kwenye chombo kimoja cha chuma chenye alama za lita, kilichounganishwa kwa waya na ndege. Washa pompi ya umeme. Usihesabu lita ya kwanza, inatoa hewa. Pima ya pili, ya tatu, ya nne, andika kila moja peke yake. Rudia tanki la pili. Halafu toa filtri, weka kipande cha tiyo mahali pake, rudia yote. Tofauti ya sekunde ndiyo bei ya filtri yako. Ikizidi sekunde 10 kwa lita ikiwa mpya na safi, tafuta yenye uso mkubwa zaidi.

Kwa nini uandike kila lita? Filtri mbaya ni mbaya sawasawa: lita ya pili sekunde 120, ya nne sekunde 120. Kama muda unaongezeka lita baada ya lita, tatizo ni tanki kukosa hewa, au uchafu unaojikusanya wakati huohuo. Namba zinakuambia uangalie wapi kabla hujafungua kolie yoyote.

Rubani_Kipushi:
Muzee, usisahau tiyo ya kurudisha. Rotax ina laini inayorudisha esansi na mvuke tankini, na ndani yake kuna kizuizi cha tundu la milimita 0.35. Tundu hilo nalo linaziba! Dalili ni moteri kukataa kuwaka ikiwa moto, baada ya kuzimwa dakika 15 au 20, kwa sababu mvuke umekosa pa kutokea. Na mjue inarudi tanki lipi. Ikirudi kushoto kila wakati huku unakunywa kulia, kushoto kunajaa mpaka kunamwagika kwenye tiyo ya hewa ya tanki. Anza kwa tanki linalorudishiwa.

Mjenzi_Lshi:
Naweza kufunga viungo kwa silikoni? Au utepe mweupe wa mafundi bomba?

Fundi_Katuba:
Hapana na hapana. Silikoni ya kawaida esansi inaivimbisha, inakatika vipande kama jeli, na vipande hivyo vinalala kwenye wavu kama ngozi. Utepe mweupe unaacha nyuzi ndani ya uzi wa skrubu, nyuzi zinaingia kwenye pwanto. Tumia gundi ya uzi wa skrubu inayovumilia esansi, paka uzi wa kiume tu, acha mizunguko miwili ya mwanzo bila kitu.

Na hili karibu kila anayejenga mara ya kwanza analikosa: uchafu unaozaliwa BAADA ya filtri. Ukisukuma tiyo ya mpira kavu kwenye chuchu yenye meno, ile chuchu inakwangua ukuta wa ndani na kutoa unyuzi mweusi wa mpira, mwembamba kama sindano. Kati ya pompi na karburateri hakuna filtri ya kuukamata. Kata tiyo kwa wembe mpya, si kwa msumeno. Lowesha chuchu kwa tone la oili. Sukuma moja kwa moja bila kuzungusha. Kolie ziwe za kukumbatia pande zote, zile zenye mapengo zinakata mpira. Kabla ya kuunga karburateri, pitisha lita 5 kwenye chombo kupitia kitambaa cheupe na uangalie kwa mwanga wa jua. Ukiona unyuzi hata mmoja, pitisha nyingine 5. Tiyo za mpira zina miaka 5, hata kama zinaonekana mpya.

Matanki ya faiba nayo: lita 5, tikisa bawa, toa kupitia kitambaa, mpaka mara mbili mfululizo kitambaa kitoke bila unyoya.

Dada_Kemia:
Kitambaa kisiwe cha pamba kilichochoka, kinatoa manyoya yake unadhani ni ya tanki. Karatasi ya kuchujia kahawa ni bora.

Goma_Bidoni:
Muzee, tupe dalili za angani na za ardhini. Mtu atajuaje ni filtri na si bujia?

Fundi_Katuba:
Moteri ikikubali mizunguko ya chini na kukataa ya juu, ni mtiririko. Relanti inakunywa kidogo sana, hata filtri iliyojaa nusu inairidhisha. Na hapa kuna hatari: bakuli za karburateri zina akiba. Ukijaribu gesi yote kwa sekunde 5 ardhini, moteri inakunywa akiba na inaonekana nzima. Akiba inaisha uko juu ya miti. Baada ya kazi yoyote ya esansi, funga ndege kwa kamba, gesi yote, dakika nzima, macho kwenye kipimo cha shinikizo. Likicheza au likishuka chini ya bari 0.15, hakuna kuruka. Pompi ya umeme haitakuokoa, nayo inanyonya kupitia filtri ileile.

Ikitetemeka sana kama inataka kutoka kwenye viti vyake, lakini haizimi: karburateri moja ina shida. Kila Bing inalisha silinda mbili, na mbili zikilegea nyingine mbili zinavuta peke yake. Fungua bakuli la kila upande, ni kibano kimoja tu cha waya, angalia chini kuna nini.

Esansi ikimwagika kwenye sahani iliyo chini ya karburateri: chembe imekaa kwenye pwanto, au kielea kimelewa. Vielea vya Bing vinaweza kunyonya esansi na kuzama. Vipime jozi, vikiwa vikavu kwa nje: zaidi ya gramu 7 kwa viwili, vitupwe. Mizani ya wauza dhahabu inatosha, inasoma sehemu ya kumi ya gramu.

Bujia mbovu inajulikana kwa swichi: zima mfumo mmoja wa moto, halafu mwingine. Tatizo likibaki lilelile pande zote mbili, rudi kwenye esansi.

Mjenzi_Lshi:
Nimepima. Nyuzi 15, pompi ya umeme, filtri za wavu mikroni 100 mahali pake kila upande. Kushoto: lita ya pili sekunde 94, ya tatu 95, ya nne 94. Kulia: 101, 113, 131. Nimebadilishana filtri, kulia bado inachelewa vilevile.

Fundi_Katuba:
Filtri ya kulia haina kosa. Fungua kifuniko cha tanki la kulia, pima tena.

Mjenzi_Lshi:
Kifuniko wazi: 95, 95, 96.

Rubani_Kipushi:
Tiyo ya hewa. Pitisha waya laini taratibu toka nje, usipulize kwa kompresa, utausukumia uchafu tankini. Nyigu wa matope. Wanapenda tundu la milimita 6 kuliko nyumba yoyote.

Mjenzi_Lshi:
Kweli, matope makavu kama sentimita 2, na kiwavi ndani. Niweke wavu kwenye mdomo?

Rubani_Kipushi:
Wavu laini nao unaziba kwa vumbi na kwa wadudu. Weka kifuniko cha kitambaa chenye utepe mwekundu mrefu, ndege ikisimama kinafungwa, ukikagua kinatoka. Na tiyo ikatwe mshazari, mdomo uangalie mbele kwenye upepo.

Mjenzi_Lshi:
Filtri nifungue kila baada ya saa ngapi?

Fundi_Katuba:
Baada ya saa ya kwanza, ya 5, ya 10, ya 25. Halafu kila saa 50, na kila unapobadilisha stesheni ya esansi. Unachokikuta kiweke kwenye kipande cha plasta nyeupe, andika tarehe na saa za moteri, bandika kwenye daftari la ndege. Na baada ya kufunga glasi ya filtri angalia pete ya mpira haikujikunja. Upande wa kunyonya haivuji nje hata tone, inanyonya hewa kimya kimya.

Mjenzi_Lshi:
Pete ya upande wa kushoto ilikuwa imejikunja. Nimeweka mpya, na sasa lita ni sekunde 92.